Sauti Niliyoificha Nyuma ya Shuka

Nyinyi vijana mnaokuja hapa kwangu Matisi kuazima karatasi za nyimbo za solfa, leo kaeni kidogo. Huwa mnasimama mlangoni, mnanisalimu "Sasa Madam" kama vile mimi ni rika lenu, mnachukua karatasi na kuondoka, na nusu ya karatasi hizo sizioni tena. Leo sidai karatasi. Nataka kuwaeleza namna ya kusimamisha kwaya mbele ya watu, na katika kueleza hivyo itanibidi niseme jambo nililolifanya mwaka wangu wa mwisho kazini. Mpaka leo nikilikumbuka nashtuka kama mtu aliyekanyaga siafu.

Nimefundisha kwaya za shule miaka thelathini na kitu, nikaanzia Bungoma na kumalizia katika shule moja ya wasichana nje kidogo ya Kitale. Mambo mengi niliyojua nilijifunza kwa kukosea. Kwa mfano, msiwape watoto mayai mabichi eti yanalainisha koo. Niliwahi kuwapa kwaya nzima asubuhi ya tamasha, kila mmoja yai lake, kwa sababu mwalimu mwenzangu aliniapia kwamba ndiyo siri ya washindi wote. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Kabla ya wa pili, waimbaji wote wa sauti ya tatu walikimbilia nje wameshika matumbo, na jaji mmoja aliandika kwenye karatasi yake kwamba wimbo ulikosa uzito wa katikati. Maji ya uvuguvugu yanatosha.

Jambo lingine, usiisikilize kwaya yako ukiwa mbele yake. Ukisimama mbele unasikia kile unachotaka kusikia. Nenda ukae kwenye kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, ambapo huwa anakaa mzazi aliyechelewa. Hapo ndipo utajua kama maneno yanafika. Nyinyi siku hizi mnarekodi kwa simu na kusikiliza baadaye, na ni vizuri, sisi hatukuwa na hiyo. Lakini simu haikai kwenye kiti cha mwisho isipokuwa uipeleke.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mwalimu Wekesa wa Kabuchai, Mungu amrehemu. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti moja la kahawia, na alikuwa na kile chuma cha meno mawili cha kutolea noti. Alikigonga kwenye goti, halafu akakiuma. Alisema noti inasikika vizuri zaidi ndani ya fuvu. Mimi nilipojaribu nilivunja kipande cha jino, na pengo lenyewe mnaliona nikicheka. Mzee alinifundisha solfa kwa kuimba majina ya mboga, alinifundisha kupumua kwa tumbo na kuacha mabega yatulie, na kumweka mwimbaji anayeyumba katikati ya wawili walio imara. Kwaya zake zilisikika kama mtu mmoja mwenye vifua arobaini.

Alinifundisha pia kuhusu maboga.

Boga, kwa lugha ya Mwalimu Wekesa, ni mwimbaji anayesimama kwenye mstari, anavaa sare, anafungua mdomo kama wenzake, lakini hatoi sauti. Kwaya lazima ijaze jukwaa, alisema, majaji wanapenda kuona watu. Lakini sauti nyingine hazichanganyiki na za wenzao. Badala ya kumfukuza mtoto ukamwumiza, unamwambia kwa upole afungue mdomo tu. Anapata sare, anapata safari, anakula wali na wenzake. Nani ameumia? Hivyo ndivyo mzee alivyoniuliza, nami sikuona aliyeumia.

Kwa hiyo katika kila kwaya yangu, miaka yote hiyo, kulikuwa na maboga manne au matano. Nilikuwa hodari wa kuyatengeneza. Nilijua kumfundisha mtoto kusogeza koo ili jaji aone linacheza, na kuinua nyusi kwenye noti za juu. Kulikuwa na mmoja aliyeimba kimya vizuri hivi kwamba jaji alimsifu kwa jina kwa "hisia zake". Tulicheka siku hiyo mpaka tukafika nyumbani. Nawaambia haya bila kujificha kwa sababu najua baadhi yenu mnafanya hivyohivyo, hata kama hamna jina la mboga.

Nasimiyu alikuwa boga langu.

Alikuja kidato cha kwanza kutoka Sirisia, msichana mrefu, mweusi tititi, mkimya. Mama yake alikuwa akiuza dagaa wa omena na mboga sokoni huko. Siku ya kupima sauti alisimama karibu na piano, nikampa noti ya kuanzia, akaitoa chini kabisa, mahali ambapo baba zenu huimbia kanisani. Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka. Nikampa noti ya juu, akapanda nayo bila shida, mpaka juu ya pale waimbaji wangu wa sauti ya kwanza wanapochoka. Nilifunga kifuniko cha piano nikasema, "Hii sauti ni kubwa sana kwa kwaya yangu." Nilidhani ninasema jambo la ufundi. Nikamweka mstari wa nyuma kabisa, nikamwambia afungue mdomo tu. Alifungua mdomo tu kwa miaka mitatu. Hakuniuliza kwa nini hata mara moja.

Mwaka wangu huo wa mwisho kazini tulipata mwalimu mpya wa historia, kijana anayeitwa Barasa, mwenye mkoba uliojaa vitabu na viatu visivyojua kiwi. Mwalimu mkuu alitaka igizo la nyimbo la kupeleka kwenye tamasha, kitu kipya, maana tulikuwa tumechoshwa na maigizo ya mahari na ukabila. Barasa alikuja chumba cha muziki na karatasi alizochapisha kwenye kompyuta za saiba mjini, akasema ana hadithi.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mama mmoja Mwamerika, mweusi kama sisi, aliyeishi wakati watu wa rangi yake walikuwa wakinunuliwa na kuuzwa. Jina lake sitawatajia, simu mnazo, mtafuteni. Alizaliwa utumwani, akalelewa na mwanamke mzungu aliyempa uhuru wake akiwa bado mtoto. Hakupata mwalimu wa kumfundisha muziki kama inavyostahili, akajifundisha mwenyewe kwa kudokoadokoa. Akakataa kuimba nyimbo za kuchekesha ambazo wazungu walizoea kuwadhihaki nazo watu weusi jukwaani. Alitaka kumbi kubwa, piano, gauni refu, na nyimbo zile ngumu za Ulaya. Na akazifikia kumbi hizo. Magazeti yalimwandika kwa dharau, mwili wake, uso wake, namna anavyotembea. Watu walikata tiketi waje kucheka. Sauti yake ilianza chini kama ya mwanamume ikapanda mpaka kwenye dari, na wale waliokuja kucheka wakasahau. Wengine waliona afadhali wamsikilize wakiwa wamefumba macho.

Nilimwambia Barasa asome tena hapo. Akasoma. Nilikuwa na chaki mkononi na sikujua nilitaka kuandika nini.

Kisha akasoma habari ya ukumbi. Katika mji mmoja mkubwa, siku ya yeye kuimba, ilitangazwa kwamba watu weusi hawataingia. Ukumbi ulijaa wazungu, yeye yuko jukwaani, na watu wake mwenyewe hawana ruhusa ya kupita mlangoni kumsikia. Akaimba hivyo hivyo. Baadaye aliwaomba watu wake msamaha na kwenda kuwaimbia mahali pengine, wazee na yatima. Wasichana wa kwaya walikuwa wameketi juu ya madawati wakisikiliza. Mmoja aliuliza kama huyo mama hakuweza kukataa, na Barasa akajibu kwamba angekataa pengine angekuwa ameimba mara ya mwisho. Nimefundisha maisha yangu yote, nimesoma mengi juu ya utumwa, minyororo na mashamba, lakini hilo la mlango lilinishinda. Nilirudi ofisini nikamwambia kila mwalimu niliyemkuta. Nilisema, ni watu wa aina gani wanaoweza kuipenda sauti na kumchukia mwenye sauti?

Wiki iyo hiyo nilichagua waigizaji.

Wa kuwa yule mama nilimchagua Sharon. Sharon alikuwa maji ya kunde, mwenye sura ya kupigia picha, alijua kusimama, na alikuwa na sauti ya kwanza safi kama maji ya bomba. Nilisema jukwaani atapendeza. Mwalimu mkuu alikubali, Barasa alikuna kichwa lakini alikuwa mgeni. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwa sauti kwamba tumemtafutia mwanamke mweusi tititi msichana mweupe kidogo. Mimi nilikuwa bado nasimulia ofisini habari ya mlango ule, na nikamaliza kusimulia nikaenda kumpima Sharon gauni.

Tatizo likawa noti za chini. Sauti ya yule mama ndiyo hadithi yenyewe, lazima ishuke mpaka chini halafu ipande, la sivyo igizo ni gauni tu. Sharon akishuka hivyo anatoa upepo. Tulijaribu siku tatu. Siku ya nne nilimkumbuka Nasimiyu.

Sasa sikilizeni ufundi wangu, maana niliuonea fahari sana. Jukwaa letu lilikuwa na pazia la nyuma tulilolitengeneza kwa shuka za bweni, na kidato cha pili walichora juu yake mlango wa ukumbi na nguzo zake. Nyuma ya mlango huo niliweka kiti cha Nasimiyu. Angeimba wimbo wote, chini na juu, na Sharon mbele angefungua mdomo. Ili pumzi zao ziende pamoja, nilifunga uzi mweusi wa kushonea kwenye kidole cha Sharon, ukapita ndani ya mkono wa gauni, ukatoka mgongoni, ukapenya tundu dogo la shuka mpaka mkononi mwa Nasimiyu. Kabla ya kuvuta pumzi, Nasimiyu anauvuta uzi kidogo. Sharon anahisi, anainua kifua, mdomo unafunguka, na sauti inatoka. Ukikaa kwenye kiti cha mwisho, ungeapa ni mtu mmoja. Mimi nilikaa pale nikaapa.

Nasimiyu nilimwambia kwamba nimempa wimbo wote, si kitu kidogo hicho. Alisema, "Sawa, Madam." Kwa mara ya kwanza tangu aje shuleni niliisikia sauti yake ikitoka bila kizuizi, na nilitokwa na machozi, tena nikiwa nimeiangalia shuka. Baada ya miaka mitatu ya kumnyamazisha nilijiona mwema kwa kumpa kiti cha nyuma.

Tamasha lilikuwa Bungoma, katika ukumbi wa shule moja, siku ya joto kali. Wazazi waliotaka kuja walikuja. Mama yake Nasimiyu alitoka Sirisia asubuhi na mapema, akaketi katikati ya watu asiowajua. Sikujua alikuwapo.

Igizo lilikwenda kama lilivyopangwa. Tulipofika kwenye ukumbi wa wazungu, wasichana walioigiza watu weusi wa mji ule wakasimama chini ya jukwaa, nje ya mlango uliochorwa, na Sharon akasogea mbele kwa gauni lake. Uzi ukavutwa. Sauti ikaanza kule chini, na ukumbi mzima ukaacha kujipepea. Ilipopanda, niliona walimu wa shule nyingine wakisimama ili waone vizuri. Walimtazama Sharon. Makofi yalidumu mpaka majaji wakagonga meza.

Jaji mmoja, mama mtulivu mwenye miwani, aliniita pembeni kabla ya matokeo. Aliniuliza kama ni kweli msichana mmoja ana noti zote zile. Nilikuwa na muda wa kufikiri, msiniambie sikuwa nao. Nilimwambia ndiyo. Akasema mtoto kama huyo lazima apelekwe mbali, na kwamba yeye mwenyewe ataandika barua chuo cha muziki cha Nairobi ili wamchukue akimaliza kidato cha nne. Akaandika jina la Sharon kwenye kitabu chake. Dakika chache baadaye walitangaza kwamba tumeshinda na Sharon ndiye mwimbaji bora wa siku hiyo.

Huko nje uwanjani, wasichana walipokuwa wakirukaruka, mwanamke mmoja aliyejifunga leso kiunoni alinijia na njugu karanga za kukaanga kwenye karatasi. Akajitambulisha kuwa mama yake Nasimiyu. Alinishukuru kwa kumfundisha mtoto. Halafu akasema, "Mwalimu, mimi nimemsikia mtoto wangu hapo ndani. Sauti yake naijua hata kwa usingizi. Nikaambia wale tumeketi nao ati huyo anaimba ni wangu. Wakanicheka. Wakasema wangu yuko wapi, si tunaona huyo mweupe? Mmoja akaniambia niwache aibu."

Alikuwa akiniuliza, ingawa hakuuliza. Nilimjibu kwamba Nasimiyu alikuwa nyuma kidogo na wenzake, na kwamba sauti za watoto hufanana. Akatikisa kichwa polepole, akaniambia nile njugu zikiwa bado moto. Nilizila. Nikiwa mwalimu mwenye mvi, nilimwambia mzazi kwamba haijui sauti ya mtoto wake, halafu nikala njugu zake.

Tulikuwa tumepata nafasi ya kwenda ngazi ya juu ya tamasha. Jumatatu tulikusanyika chumba cha muziki kwa mazoezi. Sharon alivaa gauni, nikamfunga uzi kidoleni, nikaupitisha kwenye tundu la shuka, na upande wa pili haukushikwa. Nilivuta, uzi ukaja wote mkononi mwangu. Nilizunguka nyuma ya pazia nikamkuta Nasimiyu ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani. Nilidhani ni mgonjwa. Nilimwuliza ana nini.

Alisema, "Madam, mimi siimbi tena hapa nyuma." Nikamwambia huu ni wimbo wake, nilimpa yeye. Akanitazama, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama machoni. "Madam, yule mama wa Amerika si walimwona? Watu wake ndio waliachwa nje, lakini yeye walimwona akiimba. Mimi ndio naimba, na mimi ndio niko nje."

Nilisimama na ule uzi mkononi. Nilijiona nikiwa ofisini nikiwasimulia walimu habari ya ukumbi ule, nimeshika kiuno, nauliza ni watu wa aina gani. Wale watu niliowashangaa, wa mbali kule na wa zamani, angalau walimwacha asimame kwenye taa. Mimi nilikuwa nimewapita, na nilikuwa nimewapita kwa shuka za bweni na uzi wa kushonea. Niliketi sakafuni palepale, mbele ya mwanafunzi, na sijali tena mnavyonifikiria.

Sharon alikuwa ametoka mbele akatukuta. Alianza kulia. Nilidhani analilia nafasi yake, lakini aliniambia kwamba tangu Bungoma hajapata amani, kila mara anaota uzi umekatika, naye yuko mbele ya watu mdomo wazi na hakuna kitu kinachotoka. Ndiye aliyefungua begi lake akatoa cheti cha mwimbaji bora na kumpa Nasimiyu. Nasimiyu alikikunja akamrudishia, maana kiliandikwa jina la mwenzake.

Kesho yake nilikwenda kwa waandalizi wa tamasha nikasema kila kitu. Walitufuta. Nilimwambia yule mama jaji jina sahihi na nikamwomba ile barua amwandikie Nasimiyu. Alifunga kitabu chake akasema kwamba anaamini, lakini aliyemwona ni Sharon, na hawezi kukiandikia chuo habari ya msichana ambaye hajawahi kumwona akiimba. Chuo kitamtaka Nasimiyu aje asimame mbele ya watu na kuimba. Nasimiyu akinihakikishia kwamba anaweza hilo, nimpigie yeye jaji simu, atakuja mwenyewe amwone. Mwalimu mkuu hakuongea nami mpaka siku nilipostaafu, na hata keki yangu ya kuagana ilikatwa na naibu wake. Hayo niliyastahili, wala siyahesabu kama mateso.

Kumbe bado sikuwa nimejua nilichokifanya.

Barasa ndiye aliyetoa wazo kwamba igizo lile liende Sirisia, kanisani kwao Nasimiyu, Jumapili moja mchana baada ya ibada, bila shuka na bila uzi, Nasimiyu mwenyewe akiwa yule mama. Yule mama wa Amerika naye aliwarudia watu wake, alisema. Nami niliona kwamba jaji anaweza kualikwa. Nasimiyu alikubali. Nilimpigia jaji, akaja, akaketi karibu na dirisha na kitabu chake. Sharon aliomba awe miongoni mwa wale wa nje ya mlango. Kanisa lilijaa, watu wa soko walikuja na aproni zao, na mama yake Nasimiyu aliketi benchi la mbele kabisa, kichwa amekifunga kitambaa kipya. Waliomzunguka walikuwa wakimwonyesha kwa vidole kwa wema, kwamba ndiye mama wa mwimbaji.

Ulipofika wakati wa wimbo, Nasimiyu alitoka upande akaja katikati kwa lile gauni tulilolipanua mabegani. Akatutazama sote. Nilimpa noti. Hakuna kitu. Nikampa tena. Niliona koo likicheza, vizuri kabisa, mdomo ukafunguka kwa umbo sahihi, nyusi zikainuka mahali zinapopaswa kuinuka, na hakuna hata chembe ya sauti iliyotoka. Alikuwa akifanya kile nilichomfundisha. Miaka mitatu nilimfundisha kwamba mbele ya watu mdomo unafunguka kimya, na mwili wake ulikuwa umejifunza kuliko somo lolote nililowahi kufundisha. Watu walianza kunong'ona. Jaji alivua miwani. Mimi nilishika ukingo wa piano ya kanisa nikataka ardhi inimeze.

Nyinyi mnaochagua sauti kesho kutwa, siwaambii msichague. Kwaya ni kuchagua. Lakini mtoto ukishamwambia afungue mdomo tu, hujui utakuja kumwambia nini siku utakapotaka sauti yake.

Nasimiyu aligeuka. Aligeuka taratibu, akatupa mgongo, akaukabili ukuta mweupe wa madhabahuni kama vile ni ile shuka, na hapo ndipo sauti ilipotoka. Ilianza chini, ikajaza kanisa mpaka mabati yakawa yanaitikia. Hakuna aliyepiga makofi wala kigelegele. Kila mtu aliisikia na kila mtu aliutazama mgongo, na nadhani wengi walifikiri ni sehemu ya igizo. Jaji alikuwa ameshika kalamu bila kuandika.

Mama yake aliinuka kwenye benchi. Alipita katikati ya wasichana walioigiza watu wa nje ya mlango, akampita mchungaji, akampita mtoto wake bila kumgusa, akaenda kusimama ukutani kabisa, akageuka. Sasa walikuwa wakitazamana. Niliona uso wa mama huyo wa Sirisia ukiuangalia mdomo wa mwanawe uliokuwa ukitoa sauti ile, naye akiitikia kwa kichwa kila neno. Nasimiyu alimwimbia mpaka mwisho, na sisi wengine wote, jaji, mchungaji, soko zima la Sirisia na mimi mwalimu wake, tulibaki na mgongo wake.